Diwani na Daftari: Wananchi wa Dar es Salaam na Hesabu za Mji Wao

Neno diwani limesafiri mbali kabla ya kufika kwetu. Asili yake ni Kiajemi, na Waarabu walilichukua mapema katika karne ya kwanza ya Uislamu, wakati Khalifa Umar bin al-Khattab (634-644) alipoanzisha daftari la kuandikia majina ya askari na posho ya kila mmoja wao. Daftari lile ndilo lililoitwa diwani. Baadaye jina la daftari likawa jina la ofisi iliyolitunza, kisha la baraza lililokaa katika ofisi hiyo, na katika upwa wetu likawa jina la mtu. Washairi nao wakalitumia kwa maana ya mkusanyo wa mashairi. Hivyo Mswahili wa leo analo neno moja lenye maana mbili, na sarufi yake humwonyesha tofauti: asemapo "diwani ya" akusudia kitabu, na asemapo "diwani wa" akusudia mjumbe wa baraza la mji au wilaya. Makusudio ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi mtu na kitabu walivyoachana katika historia ya Dar es Salaam, hasa katika mambo ya kubomoa na kujenga upya, ambako fedha nyingi hutumika na aliyezitoa aghalabu haoni hesabu yake.

Katika miji ya Mrima, kama vile Bagamoyo, Sadani na Pangani, madiwani walikuwa wenye mji kabla ya kuja kwa utawala wa Wadachi. Walipokea haki zao kutoka kwa wafanya biashara na misafara ya bara, wakaamua mashauri ya watu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa mwaka 1903, chaeleza ada na karamu alizopaswa kutoa mtu aliyetaka cheo. Hesabu ya mambo hayo haikuandikwa, lakini mali iliyotolewa ilitolewa hadharani, na kila aliyehudhuria aliiona kwa macho yake. Tusiisifu hali ile kupita kiasi. Watumwa na wageni wa mji hawakuwa na neno mbele ya madiwani, na ushuru uliochukuliwa njiani haukuulizwa na yeyote aliyeulipa. Hata hivyo, mtu wa mjini aliyeishi jirani na diwani alijua diwani ana nini na amekipataje.

Dar es Salaam ulipopata kuwa makao makuu ya Wadachi mwaka 1891, mambo yalianza kuandikwa, na yaliandikwa kwa lugha ambayo wenyeji hawakuisoma. Waingereza waliendelea na desturi hiyo kwa lugha yao. Mwaka 1949 mji ulipewa Baraza la Manispaa, lakini madiwani wa kwanza waliteuliwa. Hawakuchaguliwa na watu. Mji uligawanywa katika kanda, na Waafrika walio wengi waliishi Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni. Watu hao walilipa kodi na ada za mji, wakaona barabara za lami zikijengwa mbali na milango yao. Hapakuwa na mlango wa kuingilia kuuliza kwa nini, kwa kuwa diwani hakuwa na deni kwao; aliyemteua ndiye aliyemdai hesabu.

Badiliko lilikuja karibu na uhuru. Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye wasomaji wa jarida kama hili wamjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ni jambo la kupendeza kwamba mwenye diwani ya mashairi ndiye aliyekuja kuongoza madiwani wa mji. Mwaka 1961 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu walitumaini kwamba sasa, kwa kuwa diwani amechaguliwa nao, daftari pia litakuwa lao.

Lakini kazi kubwa ya kuujenga mji upya haikuandikwa katika daftari la mji. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nalo likaanza kubomoa nyumba za udongo na kujenga za saruji mahali pake. Nia ilikuwa njema, maana nyumba nyingi zilikuwa mbovu na hazikuwa na maji. Walakini kila nyumba mpya ilisimama mahali pa nyumba iliyobomolewa, kwa hiyo jumla ya nyumba mjini haikuongezeka sana, hali watu waliendelea kuingia kutoka mikoani. Gharama ilikuwa kubwa na mpango ukaachwa kabla ya muongo ule kumalizika au muda mfupi baadaye. Mwaka 1972 serikali ilichagua njia nyingine, yaani kupima viwanja na kuvitilia huduma, na kutengeneza mitaa iliyokwisha kujengwa badala ya kuibomoa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa kwa mpango huo, na Manzese ikatengenezwa, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika njia zote mbili uamuzi ulitoka juu, fedha zikatoka juu, na hesabu ikarudi juu.

Wakati huo huo diwani mwenyewe aliondolewa. Kwa siasa ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilifutwa, na baada ya muda mfupi za miji zikafuata. Jina la siasa hiyo lilisema madaraka yanapelekwa kwa watu. Kwa kweli yalipelekwa kwa maofisa wa serikali kuu waliokaa mikoani. Huduma za miji zikazorota, hata ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilikamilisha marejeo hayo, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na serikali kuu, ikilaumiwa kwa kushindwa kutoa huduma na kwa matumizi mabaya ya mapato. Mahali pake iliwekwa Tume ya Jiji, na wengi waliisifu Tume kwa kuzoa taka na kukusanya mapato vizuri zaidi. Mwaka 2000 Tume ilimaliza kazi, zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na Halmashauri ya Jiji iliyo juu yao. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, safari hii kwa sababu ya muundo wake, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Yatupasa tutazame mfuatano huo kwa makini. Mara tatu katika muda wa nusu karne baraza la Dar es Salaam limevunjwa, na mara zote tatu aliyevunja alikuwa juu ya baraza. Sisemi kwamba kila mara alikosea. Mwaka 1996 taka zilikuwa zimejaa mitaani na kila mtu aliziona. Nasema kwamba mwananchi, mwenye fedha, alikuwa mtazamaji wa ugomvi wa watu wawili wanaogombania daftari lake. Baraza likifanya vibaya, alingoja serikali kuu ikasirike. Serikali kuu ilipokasirika, alipoteza pamoja na diwani mbaya haki ya kumchagua diwani mwema.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Magomeni Kota. Hizi zilikuwa nyumba za zamani, na wapangaji wake walikuwa kaya 644. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 wapangaji waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili Manispaa ya Kinondoni iendeleze kiwanja hicho upya. Miaka ikapita, kiwanja kikaota majani. Wale waliokuwa wakazi walitawanyika katika nyumba za kupanga, wakaendelea kuuliza: ujenzi utaanza lini, ni nani atakayejenga, na kwa fedha gani? Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali kuu itajenga nyumba hizo, kazi ikapewa Wakala wa Majengo, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo yenye makazi 644. Waliokuwa wapangaji walifurahi, na walistahili kufurahi. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza swali lililobaki. Kaya 644 ziliposimama mbele ya kiwanja kitupu kwa miaka kadhaa, ni ofisi gani ya mji iliyolazimika kuwafungulia daftari? Jibu lililowafikia lilitoka Ikulu, na Ikulu haiwezi kutembelea kila kiwanja nchini.

Si kwamba Dar es Salaam haujapata kuona njia nyingine. Katika mtaa wa Hanna Nassif, wilaya ya Kinondoni, uliokuwa ukifurika maji ya mvua kwa kuwa karibu na bonde la Msimbazi, kulianzishwa mwaka 1994 kazi ya kujenga mitaro na njia kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na washirika wengine. Katika kazi hiyo chama cha wakazi wenyewe kilipewa kandarasi, na wakazi wakachimba mitaro kwa ujira. Mtu aliyebeba mawe na saruji kwa mikono yake hahitaji kuambiwa na mkaguzi kama mtaro umekwenda kina kilichoandikwa. Daftari la namna hiyo ni dogo na mradi wake ni mdogo, lakini ndani yake mlipaji, mjenzi na mkaguzi walikutana.

Miradi ya siku zetu ni mikubwa mno kuweza kuendeshwa hivyo. Mradi wa uendelezaji wa Dar es Salaam ulioidhinishwa mwaka 2015, ambao manispaa za jiji zilijenga kwao barabara, mifereji na masoko, ulipata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300. Mkopo hulipwa na watoto wa waliouona ukitumika. Hapa ndipo sheria zinapotakiwa, nazo zipo. Katiba yasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka, na kwamba serikali za mitaa zimewekwa ili madaraka yapelekwe kwao. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka, Bunge lina kamati yake ya hesabu za serikali za mitaa, na mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa.

Kilichobaki, kwa maoni yangu, kimo kwa sehemu kubwa katika lugha. Tuchukue maneno matatu. La kwanza ni kukagua. Afisa hukagua gwaride, mwalimu hukagua madaftari ya wanafunzi, bwana shamba hukagua mashamba. Mara nyingi mtenda wa neno hili ni mkubwa wa mtendwa, na kwa hiyo ni vigumu kwa mwananchi kusema "nimekuja kukagua mradi" bila kuonekana mjeuri. La pili ni kusomewa. Watu wa mtaa huitwa mkutanoni "kusomewa mapato na matumizi". Wao husikiliza, mwingine hushika karatasi. Tarakimu hupita masikioni na mkutano hufungwa. La tatu ni hati safi. Halmashauri ikipewa hati safi, watu wengi hudhani kwamba hakuna fedha iliyoliwa na kwamba barabara imejengwa vizuri. Maana yake ya kweli ni kwamba hesabu zimeandikwa na kuonyeshwa kwa kanuni za uhasibu pasipo kasoro kubwa. Mtaro wa thamani ya shilingi kumi uliolipiwa shilingi ishirini, kwa risiti zilizo kamili, waweza kukaa kimya ndani ya hati safi.

Juu ya hayo, mikataba mingi ya ujenzi, hasa ile ya mikopo ya nje, huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na ripoti za Mkaguzi Mkuu hutolewa kwa Kiswahili pia. Hizo ni hatua kubwa. Lakini ripoti huja baada ya fedha kutumika, na mkataba ndio unaosema zitatumikaje. Mwananchi akipewa ripoti kwa lugha yake na mkataba kwa lugha ya mwingine, amepewa habari za mazishi, habari za ugonjwa zimefichwa.

Sisi tunaoshughulika na Kiswahili tuna kazi yetu katika jambo hili. Maneno ya zabuni, vipimo, makadirio na malipo yatengenezewe Kiswahili kinachoeleweka na fundi na muuza samaki, na muhtasari wa kila mkataba wa kubomoa na kujenga ubandikwe pale kwenye kiwanja: nani amepewa kazi, kwa fedha kiasi gani, mpaka siku gani. Kibao cha namna hiyo kingalisimama Magomeni tangu siku ya kwanza, kaya 644 zingalijua mapema ni nani wa kumdai, na zingalimdai hapo hapo mtaani kwao. Kama diwani wa leo anataka kujua cheo chake kilianza wapi, aanze kwa kulifungua daftari lililokipa jina, nasi tuhakikishe kwamba limeandikwa kwa maneno ambayo waliomchagua waweza kuyasoma wenyewe.