Upinde, Nguruwe na Waya: Uwindaji wa Magharibi mwa Serengeti

Mwaka 1925 daktari wa upasuaji wa San Francisco, Saxton Pope, na mwenzake Arthur Young walitua Tanganyika na shehena ya pinde na mishale. Walikuwa pamoja na mwandishi Stewart Edward White, aliyekwisha kuzijua nyika za Serengeti tangu 1913. Walitaka kuona kama simba huuawa kwa mshale. Simba walikufa kweli, ingawa nyuma ya wapiga mishale palikuwa na bunduki zilizojaa risasi, na mwaka uliofuata Pope alichapisha kitabu cha safari hiyo. Leo Wamarekani wanaowasaka nguruwe kwa upinde katika ardhi ya umma ya nchi yao bado wanawahesabu Pope na Young kuwa waasisi wa kazi yao.

Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wa Serengeti, pamoja na Wakuria wa Tarime, hawakuhitaji jaribio hilo. Kwao upinde ulikuwa chombo cha nyumbani kama jembe. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huko, anaeleza kwamba Wanata hujihesabu kuwa uzao wa mwanamume mwindaji, Nyamunywa, na mwanamke mkulima, Nyasigonko. Simulizi hiyo naipenda kwa sababu inaziweka nyama na ulezi chungu kimoja. Baadaye magonjwa ya mifugo na njaa za mwishoni mwa karne ya 19 zilipowafilisi, uwindaji ndio uliowainua tena: mikia ya nyumbu ilipelekwa Usukumani, ng'ombe wakarudi.

Nguvu ya mshale haikuwa kwenye ubao wa upinde. Ilikuwa kwenye sumu, ambayo Afrika Mashariki hutokana zaidi na mti wa msunguti. Magome na vijiti huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakauke na kubaki utomvu mweusi mzito kama lami. Hupakwa nyuma ya chembe cha mshale, kisha huzungushiwa ukanda wa ngozi ili usikauke wala usimchome mwenyewe. Sumu hiyo husimamisha moyo ikiingia kwenye damu, lakini ikipita tumboni haina makali hayo. Ndiyo maana nyama iliyozunguka jeraha hukatwa ikatupwa, iliyobaki ikaliwa.

Nguruwe alikuwa na nafasi yake ya pekee katika mambo haya. Ngiri hutembea mchana, hula nyasi amepiga magoti, na jioni huingia kinyumenyume kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Nguruwe pori hutoka usiku, kundi zima, na shamba la mihogo au viazi hulifukua hadi alfajiri. Kumpiga mshale, basi, kulikuwa sehemu ya kilimo. Mlinzi aliyekesha dunguni na mwindaji alikuwa mtu mmoja. Nyama ya nguruwe nayo haikumvutia kila mtu, hasa baada ya Usabato, unaoikataza, kuota mizizi Mara.

Sheria ilimtenganisha mlinzi wa shamba na mwindaji. Wajerumani walianza mwaka 1896, gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya leseni na maeneo ya hifadhi. Waingereza wakafuata kwa sheria yao ya 1921, kisha Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Eneo la Lamai, upande wa Tarime, likaongezwa miaka ya 1960. Mwaka 1974 ikaja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, na ile ya 2009 ikaendelea kuharamisha silaha zenye sumu, mashimo na mitego ya waya. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Tangu Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Lakini umma huo una mafungu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mkulima aliyepakana na hifadhi hawezi kumfuata nguruwe ng'ambo ya mpaka, na hata upande wake mnyama ni wa Serikali.

Hapo upinde ulishindwa na waya. Anayebeba upinde huonekana, na hulazimika kumkaribia mnyama na kumchagua. Waya wa tairi hutegwa kwenye upenyo wa ua wa miiba na mwenyewe akaenda zake. Unanasa nyumbu, ngiri, hata simba asiye na kosa. Myles Turner, mhifadhi wa Serengeti kuanzia 1956 hadi 1972, alipambana sana na mitego hiyo, iliyolisha biashara ya nyama kavu ya pori kuliko chungu cha nyumbani. Sioni kwamba marufuku peke yake ndiyo iliyozaa waya, maana soko nalo lilikuwepo. Ila iliadhibu kwanza silaha iliyokuwa na ustaarabu zaidi.

Upinde wenyewe haukufa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakiwa na pinde, Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989, na Tarime nayo ikawa nao. Koo za Wakuria zilipogombana, mishale ilionekana tena. Kwa hiyo silaha iliyofukuzwa porini ilikaribishwa kijijini, dhidi ya watu.

Kwa shamba lililoharibiwa na wanyamapori, kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, na si zaidi ya ekari 5. Nguruwe pori hana jina kubwa kama tembo katika mafaili ya malipo hayo. Mkulima humfukuza kwa mbwa, tochi na kupiga mabati, na katika mashauri ya ujangili yanayosikilizwa Mugumu, makao ya wilaya ya Serengeti, vielelezo vya kawaida ni panga, kisu na nyaya.