Tembo Wanne wa Njia ya Tabora

Ikitajwa Urambo, wengi wetu tunamkumbuka Mtemi Mirambo na rugaruga wake. Leo nataka tuwakumbuke tembo wanne wa Kihindi walioletwa mwaka 1879 ili wapite njia ya misafara iendayo Tabora.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji hakupenda kuwategemea wapagazi, na wanyama wa mizigo walikuwa wakimalizwa na mbung'o. Farasi ndiyo kabisa: Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, na wote wakafa kabla hajafika mbali. Basi tembo wakanunuliwa India, wakashushwa Msasani chini ya Kapteni Carter.

Vitabu humsifu Carter. Mimi nawaheshimu zaidi wachunga tembo wa Kihindi waliokuja naye. Mchungaji huketi shingoni, akambonyeza mnyama nyuma ya sikio kwa vidole vya mguu. Tembo akianza tu kugeuka, vidole huondolewa papo hapo. Kuachiwa kule ndiko kunakomfundisha. Farasi naye hufundishwa vivyo hivyo kabla hajapandwa: mtu husimama ubavuni, akaweka mkono begani, na farasi akisogea hatua moja mkono unatoka. Ukiendelea kumsukuma baada ya kutii, atajuaje kwamba ametii? Hata punda wetu tunawaonea hivyo, fimbo mfululizo toka kisimani hadi nyumbani, kisha tunasema punda ni mkaidi!

Mfalme aliweza kununua tembo. Ujuzi ulibaki miguuni mwa wachungaji. Tembo watatu walifia njiani. Aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni jike mmoja, Pulmalla. Nia ilikuwa tembo wa Kihindi wasaidie kuwafundisha tembo wetu wa porini. Lakini Juni 1880, akirejea pwani, Carter aliuawa huko Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, walipovamiwa na majeshi ya Mirambo na Simba wa Usowa. Mpango ukaishia hapo.

Wabelgiji waliujaribu tena Kongo katika karne ya 20, huko Api na baadaye Gangala na Bodio. Safari hii tembo walikuwa wa Kiafrika, na walioketi shingoni, wakibonyeza na kuachia, walikuwa Waazande wa hukohuko.