Ukoo wa Leakey na Figo ya Philip

Kasisi Harry Leakey alifika Kabete, karibu na Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20 kuwahubiria Wakikuyu. Mwanawe Louis alizaliwa huko mwaka 1903, akaja kuwa mchimbaji mashuhuri wa mabaki ya kale. Ndiye aliyempeleka Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe mwaka 1960.

Nyumbani kwake hali ilikuwa nyingine. Katikati ya miaka ya 1930 alimwacha mkewe Frida na watoto wawili Uingereza, mmoja bado kichanga, akamwoa Mary Nicol. Mary alimzalia Jonathan, Richard na Philip.

Richard hakukubali kuishi chini ya baba. Waligombania madaraka ya makumbusho ya Nairobi hadi mwaka 1972, Richard alipomwonyesha mzee fuvu la kale ambalo Bernard Ngeneo aliligundua Koobi Fora. Wakapatana. Siku chache baadaye Louis akafia London.

Kati ya Richard na Philip, mdogo wake, hapakuwa na fuvu la kuwapatanisha. Walinuniana miaka mingi. Kisha figo za Richard zikashindwa kazi. Mwaka 1979, mwaka uleule aliochaguliwa mbunge wa Langata, Philip alikwenda London akapasuliwa, akamtolea kaka yake figo moja. Wengi humtaja Philip kwa ubunge tu. Mimi naona tendo hili ndilo kubwa zaidi katika historia ya ukoo wote.

Maana figo hiyo ilimwacha Richard hai, na miaka kumi baadaye tembo wa Kenya walikuwa wanakwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walizidi laki moja. Kufikia 1989 hawakufika elfu ishirini. Aprili mwaka huo Rais Moi alimkabidhi Richard idara ya wanyamapori. Askari wakapewa silaha za kukabili bunduki za majangili, na amri ya kuua. Waliouawa nao walikuwa na mama na ndugu; historia ya haki haiwezi kuwaruka. Tarehe 18 Julai tani 12 za pembe zilichomwa katika Hifadhi ya Nairobi, na Oktoba, huko Lausanne, mataifa yakapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za tembo.

Amani ya ndugu haikufuta tofauti zao. Mwaka 1995 Richard alishiriki kuanzisha chama cha Safina, kuipinga KANU, chama kilichompeleka Philip bungeni.