Shaba ipi?

Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani K. W. Jeter alibuni jina la stimpanki kwa hadithi zinazotokea katika dunia ya mashine za mvuke. Leo mashabiki wa mtindo huo huunda mashine ndogo za mezani na kuzipaka rangi. Anayetaka kuzieleza kwa Kiswahili hukwama mapema, kwenye neno shaba.

Neno ni moja, metali si moja. Shaba nyekundu ndiyo inayochimbwa Katanga, jimbo la zamani la Kongo ambalo Rais Mobutu aliliita Shaba mwaka 1971. Ikichanganywa na zinki hupatikana shaba ya manjano, ile ya misumari ya milango ya Zanzibar. Mpaka rangi anayeambiwa "tia shaba" tu, afungue kopo lipi?

Mabomba yapate nyekundu. Vipimo vya mvuke, filimbi na vishikio, ya manjano. Boila lenyewe ni la chuma, na kulipaka dhahabu tupu (wengi hufanya hivyo) ni kulivisha nguo za harusi kazini. Kwa mfano, garimoshi halisi la mvuke Mount Gelai, lililomo kwenye makumbusho ya reli jijini Nairobi, ni la rangi ya damu ya mzee.

Uchakavu nao una rangi zake. Chuma hutoa kutu ya hudhurungi inayochuruzika chini ya ribiti. Shaba nyekundu ikinyeshewa miaka mingi huwa kijani, kama Sanamu ya Uhuru ya New York. Ya manjano hufifia kwanza, kisha huwa kahawia. Kijani chake kidogo kipakwe kwenye pembe za maungio, pale kitambaa cha kung'arishia kisipofika.