PLIP
PLIP ni itifaki ya kuunganisha kompyuta mbili kupitia mlango sambamba, ule wa printa wenye matundu 25. Data hupita biti 4 kwa mkupuo katika kebo ya LapLink, ambayo nyaya zake zimepishanishwa. Kebo ya kawaida ya printa haifai. Kwenye Linux, chanzo kikuu cha usumbufu ni IRQ (namba ya ombi la kukatiza). Mlango wenye anwani ya 0x378 kwa kawaida hutumia IRQ 7, na kerneli isipoelezwa hivyo (irq=7 kwa moduli ya parport_pc), kiolesura cha plip0 huonekana kizima huku ping ikijikokota au kukwama. Katika kerneli 2.0 moduli ya printa, lp, lazima iondolewe kwanza, maana huung'ang'ania mlango. FreeBSD nayo huhitaji bendera ya link0 katika ifconfig ili ielewane na Linux.