Mjusi Kafiri wa Greyville na Majina ya Waliovuka Bahari

Giza linapoingia Greyville, mtaa wa Durban wenye uwanja wa mbio za farasi na uliopakana na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1849, mijusi hutoka katika nyufa za kuta na kujibanza karibu na taa wakiwinda wadudu. Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa: ni mjusi kafiri. Wataalamu humwita *Hemidactylus mabouia*, na katika neno hilo la pili mna historia.

Neno hilo si la Afrika. Mwaka 1818 Mfaransa Moreau de Jonnès alimweleza mjusi huyu katika maandishi ya sayansi kutokana na wale wa visiwa vya Antili, akatumia neno la Wakarib, wenyeji wa visiwa hivyo, lenye maana ya pepo mbaya. Waswahili nao, bila kuulizana na Wakarib, walimpa jina la kulaani. Hadithi ya mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu yajulikana pwani nzima. (Neno "kafiri" lilipofika kusini liligeuzwa tusi la kibaguzi dhidi ya Waafrika. Mpwani anayezuru Durban na aseme "mjusi", akomee hapo.)

Hivyo mnyama wa Afrika akawa na jina la Karibi. Alifikaje huko? Wapo waliodhani alichukuliwa na mikondo juu ya magogo. Wengine walizitaja merikebu za watumwa. Jike hutaga mayai mawili yenye ganda gumu, na mayai hayo hustahimili ukavu. Mashua yenye ufa na shehena yamtosha.

Mwaka 2021 Ishan Agarwal, Aaron Bauer wa Chuo Kikuu cha Villanova na wenzao walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mijusi hao kutoka zaidi ya mahali 120, barani Afrika, Madagaska na Amerika. Matokeo yao yalivunja umoja wa jina. Chini ya "mabouia" mna koo zinazoweza kufikia 20, kila moja ikistahili pengine kuhesabiwa spishi. Chimbuko lao ni eneo la Zambezi, katika enzi ya Miosini, mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kujenga ukuta wowote. Na 14 kati yao wamo kusini-mashariki mwa eneo hilo. Katika koo zote hizo ni moja tu iliyoenea mbali, nayo ndiyo iliyofika Amerika. Watafiti wanaona kuwa biashara ya utumwa na safari za kibiashara huenda ndizo zilizoivusha Atlantiki. Napenda tahadhari ya "huenda" hiyo. Mjusi ni shahidi wa utumwa, ila hakuandika tarehe.

Durban yenyewe ina mfano wa karibu zaidi wa jina moja lililofunika wengi. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza waliteremsha bandarini hapo watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji, lakini mji uliwaita "Wazanzibari", na jina likaganda. Walikaa King's Rest, kwenye rasi ya Bluff, wakahifadhi Uislamu wao na Kimakua. Serikali ya ubaguzi ikawaingiza katika daftari la "Waasia wengine", kisha ikawahamishia Chatsworth. Sheria hiyohiyo ya maeneo ya makundi, ya mwaka 1950, iliwang'oa pia wakazi wa sehemu ya Greyville iliyoitwa Block AK.

Sisemi kwamba watu na mijusi ni mamoja. Ukoloni ulishasema mengi ya namna hiyo. Ninachoona ni kazi ya karani. Moreau de Jonnès alimwandika mgeni kwa jina la mahali alipomkuta, na karani wa Durban akawaandika Wamakua kwa jina la kisiwa ambacho wengi wao hawakuzaliwa. Kwa mijusi, kosa la daftari lilisahihishwa kwa kurudi Zambezi na kuhesabu upya. Kwa watu wa King's Rest, ushahidi ulikuwapo muda wote, katika lugha waliyozungumza nyumbani.