Pu, Chubwi, Tifu: Tanakali za Sauti kwa Watoto wa Mlimani

Ndugu zangu wa Pwani, nilipokuja Nyeri kufundisha Kiswahili, nilimwuliza mtoto mmoja jiwe limeanguka vipi sakafuni. Akajibu, "Bu!" Darasa zima likacheka, naye hakufungua kinywa tena wiki nzima. Kosa lilikuwa langu. Alfabeti ya Kikuyu haina p, f, v wala l, nasi tunasema anguka pu, lala fofofo, nyeupe pe.

Tanakali za sauti ni maneno yanayoiga mlio wa kitu, au kuonyesha hali ilivyo, kama kimya ji na giza totoro. Tangu Kiswahili kifanywe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi mwaka 1985, watoto wengi wamezikariri kama orodha ya mtihani. Orodha haimpi mtoto sikio.

Sasa naanza na mchezo. Chukua beseni tatu: ya maji, ya mchanga, ya matope. Mtoto afumbe macho, mwenzake aangushe kijiwe. Kikiangukia majini ni chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, na sakafuni pu. Kitenzi ni kimoja, anguka, lakini sikio linatambua mahali.

Kwa ile p, mtoto ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo. Afunge midomo kabisa, kisha aachie pumzi ghafla. Karatasi ikiruka, p imetoka. Kwa f, meno ya juu yaguse mdomo wa chini.

Halafu tunasoma hadithi. Nikifika penye tanakali nanyamaza, watoto wanaijaza: "Mzee akalala..." "Fofofo!" Siku ya pili huisoma wenyewe.

Yule mtoto nilimrudisha kwa njia nyingine: nilimwomba anifundishe Kikuyu. Th yao ni dh yetu ya dhahabu, sauti ambayo wengi huitamka z. Aliisema safi kuliko wenzake waliotoka kwingine, wakampigia makofi. Siku ya tatu akaomba beseni ya maji.

Basi wazazi, binamu wa bara wakija likizo, msiwacheke matamshi. Wapeni beseni na kijiwe, muwasomee hadithi. Na wetu wa Mombasa nao wakae hapo hapo wasikilize, maana wengi siku hizi chubwi hawaijui.